Meza na Jeneza

Katika lugha yetu neno kula lina kazi nyingi kuliko mdomo. Mtu anakula ugali. Lakini tena anakula kiapo, anakula hasara, anakula rushwa, na wengine wanakula njama juu ya mwenzao. Mzee akisema, «Yule bwana amekula mali ya ndugu zake,» hakuna mtoto anayeuliza kama aliipika au aliila mbichi. Sote tunaelewa. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba kati ya kula chakula na kula mtu njia si ndefu. Ndiyo maana hadithi za jioni zimejaa mazimwi, na zimwi halikosi chungu.

Leo tunataka kuzungumza habari ya zimwi la namna nyingine. Halikai porini. Linavaa koti jeupe lililopigwa pasi, linawasha mishumaa, linapanga visu na uma, na linawaambia wageni kwa sauti laini, «Karibuni mezani.» Ni zimwi la sinema, hasa za zile sinema zinazotisha na kuchekesha pamoja. Katika sinema hizo meza ya kifahari inarudi mara kwa mara, na maneno yake mazuri pia: majina ya vyakula, heshima za watumishi, hotuba za wapishi. Sababu gani? Kama mtu anataka kututia hofu, si kaburi linatosha? Na kama anataka kutuchekesha, si mlevi anatosha? Tulipotafuta jibu, ilitubidi kurudi nyuma karibu miaka elfu mbili.

Meza ya Kaisari

Domitiani alikuwa kaisari wa Roma tangu mwaka 81 hata mwaka 96. Mwandishi wa historia Cassius Dio ametuachia habari ya karamu moja ya kaisari huyo, ambayo watu wa historia wanaiweka yapata mwaka 89. Aliwaita wakubwa wa Roma usiku, kila mmoja peke yake, bila watumishi. Walipoingia waliona chumba cheusi: kuta nyeusi, dari nyeusi, sakafu nyeusi. Kando ya kila mgeni palisimama bamba lenye umbo la jiwe la kaburi, na jina lake limeandikwa juu yake, pamoja na taa ndogo kama ile ya makaburini. Vijana waliopakwa rangi nyeusi waliingia wakicheza kama mizimu. Kisha vyakula vililetwa, navyo ni vile walivyozoea kuwatolea wafu, katika vyombo vyeusi. Wageni hawakuthubutu kusema neno. Kaisari peke yake alizungumza, na mazungumzo yake yote yalikuwa juu ya kifo.

Basi, mwisho wake ulikuwaje? Aliwaruhusu kwenda nyumbani. Walipokuwa wameanza tu kupumua, mjumbe wa kaisari akabisha mlangoni. Kila mmoja alifikiri saa yake imefika. Kumbe wameletewa zawadi: lile bamba la kaburi lilikuwa la fedha, na vile vyombo pia vilikuwa vya thamani kubwa. Je, ulikuwa mchezo? Ndiyo. Je, ulikuwa tisho? Ndiyo tena. Mwenye nguvu anaweza kuchanganya mambo hayo mawili katika sahani moja, na mgeni hana ruhusa ya kuuliza lipi ni lipi.

Karibu na wakati huo Petronius aliandika habari ya tajiri Trimalchio, aliyekuwa zamani mtumwa. Mezani kwake nguruwe mzima aliletwa, na ikasemwa kwamba mpishi amesahau kumtoa matumbo. Mpishi akavuliwa nguo ili apigwe. Wageni wakamwombea. Trimalchio akacheka, akamwamuru ampasue palepale. Mpishi alipopitisha kisu, soseji zilimwagika. Ulikuwa mchezo uliopangwa. Wageni wakapiga makofi, na mpishi akapewa kinywaji na taji. Lakini tazama: mchezo ule ulifaulu kwa sababu kila mtu mezani aliamini kwamba mpishi anaweza kweli kupigwa kwa kosa hilo. Kicheko kilisimama juu ya mgongo wa mtumwa.

Maneno yanayofunika sahani

Tuvuke sasa mpaka Ufaransa. Katika karne ya 18, neno restaurant halikuwa jina la nyumba. Lilikuwa jina la mchuzi mzito wa kumrudishia mtu nguvu. Katika miaka ya 1760 nyumba za kuuza mchuzi huo zilianza kufunguliwa Paris, na polepole jina la mchuzi likawa jina la nyumba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789 nyumba hizo ziliongezeka, na pamoja nazo ikazaliwa kazi mpya: kazi ya kuandika na kuhukumu chakula cha wengine. Mtu mmoja wa kwanza katika kazi hiyo alikuwa Grimod de la Reynière, aliyetoa kitabu chake cha walaji tangu mwaka 1803 hata 1812.

Sasa sikieni jinsi mtu huyo alivyopata sifa. Alikuwa mwana wa mkusanya kodi tajiri sana. Tarehe 1 Februari 1783 aliwaita watu kwa chakula cha usiku, na barua zake za kuita ziliandikwa kama tangazo la maziko. Walipofika walikuta mezani mfano wa jeneza, na watu wengine wamepewa nafasi ya kusimama juu na kutazama wenzao wakila. Paris nzima ilizungumza habari hiyo. Hivyo mmoja wa baba wa maandiko ya chakula bora alianza na meza na jeneza pamoja, zaidi ya miaka mia moja kabla ya sinema kuvumbuliwa.

Wapishi wakubwa waliofuata waliongeza ufundi, na maneno vilevile. Auguste Escoffier alizaliwa mwaka 1846. Katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prusia alikuwa mpishi wa jeshi, na baadaye alilipanga jiko lake kama kikosi: kila mtu na kazi yake, na mkubwa mmoja juu ya wote. Mkubwa huyo anaitwa chef. Kwetu Kongo neno hilo halihitaji kuelezwa. Shefu tunamjua: shefu wa kijiji, shefu wa kazi, shefu wa ofisi. Ni yule anayesema mara moja, na wengine wanajibu, «Ndiyo.»

Inasimuliwa tena kwamba Escoffier alitaka kuwalisha wakubwa wa Uingereza miguu ya vyura. Waingereza waliwacheka Wafaransa kwa kula vyura, wala hawakutaka hata kusikia. Basi akaipa sahani yake jina la kupendeza: mapaja ya mabinti wa majini wakati wa mapambazuko. Wakala, wakasifu. Tunacheka, lakini tufikiri kidogo. Walikataa kula mnyama mdogo wa kidimbwini, wakakubali kwa furaha kula mapaja ya mabinti! Jina lilikuwa zuri, na hakuna aliyesikia linalosema nini.

Lugha yenyewe ya Waingereza ina alama ya jambo hili. Wanormandi waliiteka Uingereza mwaka 1066, na mabwana wapya walisema Kifaransa. Kidogo kidogo mnyama akapata majina mawili. Zizini, kwa mchungaji, ni cow, neno la Kiingereza cha zamani. Mezani ni beef, neno lililotoka kwa Wafaransa. Nguruwe na kondoo vilevile. Sisi tunasema tu nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, nyama ya nguruwe. Mnyama hapotezi jina lake akifika sahanini. Kwa upande huu lugha yetu ni mkweli kuliko nyingine: inamkumbusha mlaji kwamba kuna aliyekufa.

Nadhani sasa wasomaji wanaona njia yetu. Maneno ya meza ya kifahari ni kama kifuniko cha fedha juu ya sahani. Kinapendeza, kinang'aa, na kinaficha. Mwenye kutisha anataka tuogope kilichofichwa. Mwenye kuchekesha anataka kufunua kwa ghafula. Wote wawili wanahitaji kifuniko hichohicho.

Waliofunua kwanza

Kabla ya sinema, wengine walifunua kwa kalamu. Mwaka 1729 Jonathan Swift, mkubwa wa kanisa la Kianglikana la Mt. Patrisi mjini Dublin, alitoa kitabu kidogo. Ireland ilikuwa katika umaskini mkubwa. Swift alijifanya mtu mwenye akili na hesabu, akashauri kwa sauti ya upole kwamba watoto wa maskini wauzwe na kupikwa kwa ajili ya meza za matajiri. Alieleza namna za kupika kama mpishi mwema anayemfundisha bibi wa nyumba. Msomaji anasisimka, kisha anaelewa: wenye mashamba walikuwa wamekwisha kuwala wazazi kwa kodi, na hakuna aliyesisimka.

Mwaka 1846 na 1847, mjini London, gazeti la bei ndogo lilitoa kwa sehemu hadithi ya Sweeney Todd. Kinyozi anaua watu kitini pake, na jirani yake, mama Lovett, anatia nyama yao katika mikate ya nyama ambayo mji mzima unaisifu. Mwaka 1979 Stephen Sondheim alifanya hadithi hiyo mchezo wa nyimbo, na mwaka 2007 Tim Burton akaifanya sinema. Katika mchezo ule kuna wimbo ambamo wauaji wawili wanajadiliana, kama wanunuzi sokoni, nyama ya mtu wa kazi gani ina ladha gani. Padri naye hakusahauliwa. Tunawaachia wasomaji kuhukumu kama ni heshima au hapana. Wasikilizaji wanacheka mpaka machozi. Lakini kiini cha wimbo ni kwamba, siku zote, wa juu wamewala wa chini, na sasa mambo yamegeuzwa.

Meza katika sinema

Mwaka 1948 Alfred Hitchcock alifanya sinema ambamo vijana wawili wanamwua rafiki yao na kumtia ndani ya sanduku. Kisha wanatandika kitambaa juu ya sanduku hilo, wanaweka mishumaa na vyakula, na kuwaita wageni, na baba wa marehemu yumo kati yao. Mgeni anachukua sahani yake juu ya maiti, na anasema asante. Hapo meza na jeneza si vitu viwili tena.

Mwaka 1951 Claude Autant-Lara alitoa nchini Ufaransa sinema ya Hoteli Nyekundu. Ilitoka katika habari ya kweli ya nyumba ya wageni ya Peyrebeille, ambayo wenyeji wake, mume na mke, pamoja na mtumishi wao, walihukumiwa na kukatwa vichwa mwaka 1833. Mchezaji Fernandel ni mtawa anayefika huko katika theluji. Mke wa mwenyeji anamwungamia: wamezoea kuua wasafiri, na wa usiku huu ni zamu yao. Mtawa amefungwa na siri ya maungamo. Anakaa na wasafiri, anajua yote, na hawezi kusema hata neno moja. Kila neno la ukarimu, kila «Karibu, kaeni, pumzikeni», linamwingia kama kisu. Fernandel anatuchekesha kwa jinsi anavyohangaika kuwaokoa bila kuvunja siri. Lakini sisi tunaojua uzito wa siri hiyo hatucheki kwa mdomo wote.

Mwaka 1973 ikatoka Uingereza sinema ya Theatre of Blood. Vincent Price ni mchezaji aliyedharauliwa na waandishi wa magazeti, naye anawaua mmoja mmoja kwa namna za vifo vilivyo katika michezo ya Shakespeare. Mmoja wao ni mlafi mwenye mbwa wawili wadogo anaowapenda kama watoto. Anapikiwa mkate wa nyama, anaula na kuusifu. Kisha anauliza mbwa wake wako wapi. Kifuniko kinafunuliwa. Jambo la ajabu ni kwamba Vincent Price katika maisha yake alikuwa mpishi hodari, na mwaka 1965 alitoa pamoja na mke wake Mary kitabu kikubwa cha mapishi kutoka nyumba za chakula mashuhuri. Aliyatamka maneno ya mpishi kwa raha kwa sababu aliyajua na kuyapenda.

Mwaka 1991 Jean-Pierre Jeunet na Marc Caro wakatoa Delicatessen. Jina hilo ni la duka la vyakula teule. Lakini katika sinema dunia imeharibika, chakula kimekwisha, na nafaka ndiyo fedha. Chini ya nyumba moja kuna duka la nyama. Mwenye duka anaandika watu kazi ya kutengeneza nyumba, na baada ya siku chache wapangaji wanapata nyama. Hawaulizi imetoka wapi. Wanajua, na wanalipa. Katika sinema hiyo wabaya si mchinjaji peke yake. Hofu kubwa ni wale majirani wenye adabu, wenye vikapu vyao, wanaopanga mstari.

Mgeni aliyesema ana njaa

Tumeiacha mwisho sinema ya mwaka 2022 inayoitwa The Menu, ya Mark Mylod, maana humo mambo yote tuliyosimulia yamekutana. Wageni wachache wanapelekwa kwa mashua mpaka kisiwani. Kila mmoja amelipiwa dola 1,250 kwa chakula kimoja. Mpishi ni Julian Slowik, anayechezwa na Ralph Fiennes. Anapiga makofi mara moja, na kikosi chote kinajibu kwa sauti moja, «Ndiyo, shefu!» Hapo Escoffier na jeshi lake wamerudi. Vyakula vyenyewe vilibuniwa na mpishi wa kweli, mama Dominique Crenn, Mfaransa mwenye nyumba ya chakula San Francisco. Kwa hiyo kinachochekwa si uongo mtupu.

Kila sahani inakuja na jina na hotuba. Moja ni sahani ya mkate isiyo na mkate. Shefu anaeleza kwamba mkate ni chakula cha watu wa kawaida, na wageni hawa si wa kawaida, basi watapata vionjo vya kuchovya tu. Wengine wanakasirika, lakini wengine wanasifu! Mwandishi wa magazeti, ambaye maneno yake yamekwisha kufunga nyumba nyingi, anatafuta neno zuri la kuueleza mkate ambao haupo. Baadaye mpishi msaidizi anajiua mbele yao, na kwa muda wageni wanabishana kama ni sehemu ya onyesho. Ndiyo karamu ya Domitiani tena: ni mchezo au ni tisho? Tofauti ni kwamba safari hii hakuna atakayetumwa nyumbani na zawadi ya fedha. Shefu ameamua wote wafe, wageni na wapishi, na yeye mwenyewe. Sababu yake? Alipenda kazi yake, na walaji wameila furaha yake mpaka ikaisha. Wanakuja, wanameza, wanasahau walichokula.

Kati yao yuko mwanamke mmoja ambaye hakutazamiwa. Anaitwa Margot, ingawa jina lake la kweli ni lingine. Ameletwa na kijana mmoja aliyemlipa. Yeye naye anaishi kwa kuwatumikia matajiri, na shefu anatambua hivyo. Anamwuliza yuko upande gani: wa wanaotoa au wa wanaochukua. Mwanamke huyo anaona katika nyumba ya shefu picha ya zamani: Slowik kijana, anakaanga nyama kwenye duka la kawaida, anacheka. Anarudi mezani na kufanya jambo ambalo hakuna aliyethubutu. Anamwambia shefu wazi kwamba chakula chake hakina upendo, na kwamba yeye bado ana njaa. Anaomba mkate wa nyama na jibini, ule wa kawaida kabisa. Bei ni dola 9.95. Shefu anaupika mwenyewe, na uso wake unabadilika. Margot anauma mara moja, anasifu, kisha anasema macho yake yalikuwa makubwa kuliko tumbo. Je, anaweza kufungiwa aende nao? Shefu anakubali. Anaondoka kwa mashua. Nyuma yake wengine wote wanakuwa sahani ya mwisho, ndani ya moto. Yeye anakaa majini, anakula chakula chake, na anajifuta mdomo kwa karatasi ya orodha ya vyakula.

Wazee wetu walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini hapa tumejifunza kitu kidogo zaidi. Zimwi lilimwacha kwa sababu yeye alilijua. Aliona nyuma ya koti jeupe mtu aliyewahi kupenda kulisha watu. Tena alitumia neno moja la kweli. Usiku mzima palikuwa na maneno mengi ya chakula mezani pale, lakini hakuna aliyekuja kwa ajili ya njaa.

Hizi ni hadithi za Ulaya na Marekani, lakini sisi hatuko mbali nazo. Huko Katanga, wakati wa ukoloni, watu walisimulia habari za batumbula, waliokamata watu usiku, ili waliwe na Wazungu. Hatusemi kwamba mambo hayo yalitendeka kwa mwili. Lakini waliosimulia walikuwa watu walioona ndugu zao wakienda kazini wenye nguvu na kurudi bila nguvu, na wengine wasirudi kabisa. Walitafuta neno, na neno lilikuwa kula. Swift wa Dublin angewaelewa mara moja.

Basi, wasomaji wapenzi, tukikaa mezani, iwe ni meza yenye kitambaa cheupe au mkeka chini ya mwembe, hakuna ubaya kusifu chakula kwa maneno mazuri. Chakula kizuri kinastahili. Lakini tujiulize kama tunaweza pia kusema kwa maneno ya kawaida nani alilima, nani alichinja, nani ameamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, na yeye amekula nini. Meza ambayo maswali hayo yanaweza kuulizwa bila mtu kunyamaza ghafula haihitaji kifuniko. Na aliyepika akiwa bado jikoni, tumwite aketi nasi kabla chakula hakijapoa.